Mwendo wa Saa Nne Kutoka Dubai

"Mama amefariki. Njoo umzike, au kaa huko huko na maghorofa yako," Raseena alimwambia mdogo wake kwenye simu. Hata salamu hakutoa.

Nizar alidondosha kisu ndani ya karai la vitunguu. "Dada, nisubirini! Dubai mpaka Kalikuti ni kilomita elfu mbili na mia saba! Nikipata ndege sasa hivi, ni mwendo wa saa nne angani."

"Tangu lini maiti akasubiri? Mara tatu nimekwambia Mama mgonjwa, mara tatu ndege imekuwa ghali. Mwanamume mzima, hovyo!" Akakata simu.

Dubai ya nani! Dubai walishamrudisha mwaka jana, mikono mitupu. Nizar alikuwa jikoni kwenye mgahawa nyuma ya stesheni ya treni, Kalikuti hapo hapo, India hii hii, dakika kumi kwa bajaji mpaka kwao. Kilichobaki cha Dubai ni namba ya simu tu, ile anayopigiwa na nduguze. Angewaambiaje? Bangili za harusi za Raseena ziliuzwa ili yeye apate viza, na dada mtu hakuacha kumsimanga.

Alivua aproni, akatoka mbio, akasimamisha bajaji. Mguu mmoja ulikuwa ndani alipokumbuka. Akitokea sasa hivi, atasema amepaa na nini? Na ungo?

"Unapanda hupandi?" dereva alifoka. "Usinipotezee muda, bwana!"

Akashusha mguu.

Aliyekufa haendi popote, alijiambia. Almuradi amwone uso kabla hajazikwa. Basi akaoga mara mbili kuondoa harufu ya vitunguu. Akanunua tende na manukato ya Dubai pale pale sokoni Kalikuti, akavitia kwenye begi ambalo bado lilikuwa na karatasi ya ndege ya mwaka jana ikining'inia. Kisha akakaa chumbani akitazama saa, machozi yakimtoka. Sasa niko juu ya bahari. Sasa natua. Alijichukia, lakini hakuinuka.

Alifika kwao alasiri. Uani hapakuwa na jeneza wala wanaume. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na ndani wanawake walikuwa wamenyamaza, Yasini bado mikononi. Raseena alilitazama begi, akamtazama usoni, akanusa.

"Nilikudanganya," akasema. "Ukiambiwa mgonjwa huji, nikaona labda maiti utaijia. Amekata roho sasa hivi tu. Hata macho hatujamfumba."

Begi lilimponyoka.

"Tangu asubuhi kakataa mlango kufungwa. Namwambia, Mama, Dubai ni mbali, ni saa nne hewani. Ananijibu, 'Dubai gani? Kabla sijaugua nilimwona sokoni kabeba gunia la vitunguu, nikajificha asije akaona haya. Acheni mlango wazi. Mwanangu yuko hapa hapa, anafika sasa hivi.'"