Utambi wa Ukoo

Kwa mara ya tatu, Shufaa na binamu yake Masoudi waliunganisha viganja juu ya utambi. Katika ukoo wao, wachumba huwasha taa kwa mikono mitupu, ndipo waozeshwe. Ulitoka moshi tu.

"Tena," alisema bibi yao.

"Si bora kiberiti?" Masoudi alinong'ona.

"Bibi, mimi simtaki," alisema Shufaa. "Wazazi wetu nao walikuwa mabinamu, wakatoa cheche. Sisi tumetoa moshi. Watoto wetu je?"

"Damu yetu haichanganywi. Ulishatutia aibu kwa kuzaa na yule muuza chumvi, Mungu amrehemu. Na hako katoto kake katoe hapa, kasije kakakojolea mkeka."

Shufaa akainama kumbeba binti yake. Mtoto, ambaye hugusa kila kitu, akagusa utambi. Taa ikawaka, hata utando wa buibui darini ukaonekana.

Kisha bibi akaupuliza moto ule, ukazimika.

"Tena," akasema. "Viganja."

Shufaa hakunyoosha mkono. Alikuwa akimtazama mwanawe, aliyekuwa anakipeleka mdomoni kidole ambacho ncha yake ilikuwa bado inang'aa.