Namba Tano Hakutulia

Daktari Wangila alikosa subira, alikosa rafiki, na alikosa mtu nyumbani kwake Kitengela wa kumwuliza mbona siku hizi kifungo cha mkono mmoja wa shati hakifungwi. Dharau hakuikosa, na asubuhi hiyo alifika nayo tele hospitalini Kajiado.

"Leta hizo takataka zako," alimwambia Nzilani.

Nzilani, mhandisi wa kompyuta, alikuwa amefundisha programu kwa maelfu ya picha za MRI hadi ikajua kufuta ukungu unaoletwa na mtu kutikisika ndani ya mashine. Wangila akiikubali, itatumika. Akiikataa, wagonjwa wataendelea kutumwa Nairobi kupigwa picha upya. Wafanyakazi kadhaa walikuwa wamejitolea kupigwa picha za kichwa kwa majaribio. Majina yalifichwa, zikabaki namba.

Nzilani akafungua picha ya namba tano, kabla haijasafishwa. Daktari akacheka hadi chai ikamwagika mezani.

"Huyu ni mtu ama mbuzi aliyenyeshewa? Mimi Jumatatu nililala humo kuwaonyesha vile mtu mzima anatulia. Jiwe! Huyu ni nani, yule soja wa geti?"

"Sijui, daktari. Bado sijafungua majina."

Akabonyeza. Ukungu ukatoweka. Upande wa kulia wa ubongo likabaki doa.

"Si nilisema! Kompyuta yako hata kufagia haijui."

Akalikuza lile doa ili amwaibishe vizuri. Akaligeuza huku na huku. Alikuwa mjeuri, lakini kazi yake aliijua. Kicheko kikakatika.

"Huu si uchafu. Ni uvimbe, na ndio unaomtikisa. Mjinga huyu anatembea huko nje akijiona mzima! Vitu vinamtoka mkononi na hajiulizi?"

"Kwa hivyo programu inafaa, daktari?"

"Wewe andika."

Akamsomea barua kali: mwenye namba tano amwone daktari wa upasuaji wa ubongo wiki hii hii, na aache ubishi. Akatia sahihi, akalamba bahasha, akaifunga kwa ngumi.

"Sasa tafuta jina. Umpe mkononi, na umwambie Wangila hasemi mara mbili."

Nzilani akafungua majina. Akaandika moja juu ya bahasha, polepole. Kisha akazunguka meza, akampa daktari kwa mikono miwili.