Hema Karibu na Jukwaa

Bwana Dominique alikuwa amelipatia tamasha jenereta, tangi la maji na askari wa kulinda uzio, lakini hakuweza kupata hema hata moja.

Mwaka ule wa 1993, Lubumbashi ilikuwa ikiishi kwa mazoea tu. Maduka yalikwisha kuporwa. Shule zilifungwa, maternite, wodi ya kujifungulia, haikuwa na hata mshumaa, treni ya Sakania ilikuja ikipenda. Katika komini, yaani serikali ya mtaa, ni ofisi moja tu iliyobaki na mafuta: Ofisi ya Shangwe, na mkuu wake alikuwa Dominique. Mtu akiomba mafuta kwa ajili ya wagonjwa, aliambiwa serikali imefilisika. Akiomba kwa ajili ya ngoma, aliulizwa anataka mapipa mangapi.

"Wananchi wana huzuni," Dominique alipenda kusema. "Tuwape furaha."

Ndiyo maana Tamasha la Kiangazi la Kasungami lilipitishwa siku ileile lilipoombwa. Wenye tiketi wangelala kwenye mahema, kandokando ya jukwaa. Bango halikutaja mwanamuziki yeyote. Lilisema tu: Waimbaji wapya, hawajasikika popote. Na chini, kwa herufi ndogo: Kila mwenye tiketi aje na beseni, sabuni na vitenge safi.

Siku moja kabla ya tamasha, asubuhi, mkubwa wa Dominique, Mkurugenzi Edouard, alikuwa amemwita.

"Mke wangu anataka kwenda kwenye tamasha lako. Hema karibu na jukwaa, lenye kitanda. Ukishindwa, kiti chako nitampa mtu anayejua kutafuta mahema."

Dominique alifika Kasungami, nje kidogo ya mji, na gari la ofisi. Mbele ya meza ya tiketi palikuwa na foleni ndefu ya wanawake, wamejifunika mablanketi hadi kidevuni kwa sababu ya baridi ya Juni. Aliwapita wote.

"Papa, mulongo iko nyuma!" aliita mmoja wao, Mwansa, muuza samaki ambaye sauti yake ilizoea soko.

"Miye ni kiongozi, mama."

"Mumuache, bamama!" Mwansa aliwaambia wenzake. "Na yeye iko na tumbo. Mumupatie tente!"

Foleni nzima ilicheka, wengine wakijishika viuno.

Nyuma ya meza alikaa Laurentine, msichana mpole ambaye ndiye aliyekuja ofisini kuomba tamasha. Hata siku ile aliongea akitazama viatu vyake.

"Tente yote ilishaisha, papa."

"Unajua miye ni nani?"

"Minakujua. Njo weye ulitupatia kurant ya jenereta na mayi. Mungu akubariki. Lakini ilishaisha."

Dominique alionyesha kadi yake. Haikusaidia. Akasema basi atarudi na lori kuchukua jenereta yake. Hapo kicheko kikakatika kwenye foleni, na Laurentine akakivuta kitabu cha tiketi kifuani.

Dominique aliona ametisha kupita kiasi. Alilainisha sauti.

"Haiko yangu, mama. Ni ya bibi ya Mkurugenzi, Mama Constance. Siku hizi anachokaka. Akikaa kidogo tu, anataka kujilaza."

Laurentine aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Anachokaka sana?"

"Sana."

Laurentine alimtazama Mwansa. Mwansa akaguna, akavuta blanketi lake, akarudi nyuma hatua moja kuachia nafasi yake. Laurentine akachana tiketi.

"Hii njo ya karibu kabisa na jukwaa. Akuye kesho asubui, asikawie. Na beseni yake."

"Beseni? Bibi ya Mkurugenzi?"

"Hata yeye, papa."

Dominique alirudi mjini akipiga mluzi. Cheo, aliwaza, kinafanya kazi hata pale nchi inapoacha kufanya kazi.

Kesho yake Mama Constance alishuka garini taratibu, ndani ya koti kubwa la mumewe, beseni mkononi. Laurentine alimshika mkono, akampeleka nyuma ya pazia la jukwaa. "Labda anataka kuwasalimia wasanii," alisema Edouard. Yeye na Dominique wakakaa kwenye viti vya mbele.

Walingoja. Jenereta ilinguruma vizuri. Nyuma ya pazia taa ziliwaka. Kando yao wanaume kadhaa waliota moto wa mbabula, jiko la makaa, kofia mikononi, kama watu waliofika kanisani mapema.

"Kwa nini hawaanzi?" aliuliza Edouard.

Dominique alimgeukia mzee Ngosa, mstaafu wa reli, aliyekuwa akipuliza makaa.

"Banakawia nini, papa?"

"Ya kwanza njo inakawiaka," alijibu Ngosa bila kuinua kichwa. "Muvumilie."

Mchana ukapita. Jua likaanza kuinama. Edouard alitazama saa yake, kisha akakitazama kiti cha Dominique kwa jicho ambalo Dominique alilielewa.

Ndipo sauti kali, nyembamba, ikapasuka nyuma ya pazia, na mahema yote yakaitikia kwa vigelegele.

"Wameanza bila sisi!" alifoka Edouard.

Dominique aliruka jukwaani, akakamata pazia kwa mikono miwili, akalivuta lote ili mkubwa wake aone vizuri.

Chini ya taa za jenereta yake palikuwa na safu ya vitanda vya chuma, kila kimoja na beseni lake, na Laurentine, ndani ya aproni nyeupe ya mkunga, alikuwa akimkausha kwa kitenge mtoto mwekundu aliyepiga kelele juu ya kifua cha Mama Constance.

"Papa, funga," alisema polepole, bila kugeuka. "Baridi itaingia kwa mutoto."