Mwari Aliyeitwa Mnunaji

Kiangazi kilipokaza, ndege Mwari alibeba maji mdomoni kumpelekea mwanawe mgonjwa. Kila alipopita, Kima alimwamkia, naye hakujibu.

"Mnunaji huyo," Kima aliwaambia wenzake.

"Labda ana lake moyoni," alisema Ngiri.

"Nani hana?"

Siku moja Kima alimzibia njia. "Shikamoo, Bi Mwari. Au mpaka tukupigie ngoma ndiyo uitikie?"

Wote wakacheka. Mwari aliona aibu, akafungua mdomo.

"Marahaba."

Maji yote yakamwagika mchangani. Alirudi mtoni kuteka mengine, lakini mto ulikuwa mbali, na alipofika kiotani mwanawe alikuwa amekwisha kufa.

Siku hizi Mwari huitikia salamu ya kila mtu.

"Mnaona?" Kima huwaambia wenzake. "Amechangamka."