Mwenye Kupanda Kwanza

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nne, na bado Lynnet hakuthubutu kutia jembe shambani.

Majirani zake, hapo nje kidogo ya mji wa Migori, walishaanza palizi. Lakini katika boma la Wajaluo hapandi mtu kabla ya mke wa kwanza. Anayemruka huiletea nyumba yake chira, laana inayokausha watoto. Lynnet, mke wa pili, alikuwa amezika mmoja tayari. Wawili waliobaki walikunywa uji mwepesi mara moja kwa siku.

Mke wa kwanza, Teresa, hakuwa na haraka. Kila jioni alikaa kibarazani, mjukuu wake Irine akimsomea kitabu cha historia cha shule. Aliwapenda malkia, hasa wale wakali.

"Huyu alifunga ghala mpaka waliomdharau wakaja wakitambaa," Irine alisoma.

"Wakatambaa kweli?"

"Wakatambaa, dani," Irine alimjibu bibi yake.

Teresa akacheka. Roho mbaya haina dawa.

Fanuel, mume wao, alijitoa kando. Mwanamume mzima, akiulizwa anakohoa! "Huyo ndiye malkia hapa," alimwambia Lynnet. "Nenda umwombe."

Lynnet alienda na kuku wake wa mwisho, akapiga magoti mbele ya Teresa, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Willis, nihurumie. Watoto wanaisha. Niruhusu nipande."

Teresa alimpokea yule kuku, akampapasa kifua kama mnunuzi sokoni.

"Kwani mimi nimekukataza? Jembe si unalo?"

"Nikipanda kabla yako si nitawaua?"

"Hayo umesema wewe."

Lynnet alilia usiku kucha kwa hasira na aibu. Asubuhi alifunga nguo kwenye leso, akambeba mdogo mgongoni, akamshika mkubwa mkono, akaenda zake kwao Homa Bay. Ndoa ya miaka saba ikaishia langoni. Fanuel alitazama chini.

Teresa alingoja mpaka wakapotea barabarani. Kisha akamwita Irine, wakachukua majembe, wakazunguka nyuma ya nyumba yake, kwenye ua wa mabati ambamo wengine hawakuruhusiwa kuingia.

Humo mahindi yalimfika Irine magotini. Teresa aliyapanda siku ya mvua ya kwanza, kabla Lynnet hajaamka.