Majibu ya Mzee Harbans

"Sema tena, mzee. Leo ni siku gani?"

"Jumanne," Harbans akajibu.

"Jumatatu!" Kendi alipiga meza kwa kiganja. "Ukimjibu hivyo yule mtu wa council, tumekwisha!"

Harbans alitupia jicho kalenda iliyotundikwa ukutani, akamtazama Kendi, akashusha pumzi. "Haya, dada. Jumatatu."

Kendi alikuwa anaogopa, tena si kidogo. Jana alikuwa ameiona barua ya manispaa juu ya meza ya Harbans. Hakuisoma yote. Aliona tu kwamba kuna mtu anakuja kufanya tathmini, na mbele kidogo akaona maneno makao ya wazee, akairudisha upesi chini ya kopo la sukari. Hayo yalimtosha. Mwaka jana, sherehe za mwaka mpya zilipokwisha tu, walikuja watu wenye adabu zao wakamchukua Sunita wa ghorofa ya tatu. Wiki mbili tu, walisema, mpaka baridi ipungue. Sunita alishuka na sanduku moja, na sasa dirishani pake pana mapazia ya watu wengine.

Mzee wa watu hakustahili hayo. Harbans, Singasinga wa Kisumu, alitumikia viwanda vya Tyseley, huku kwa Waingereza, miaka thelathini, akamzika mkewe, na kilichombakia ni nyumba hii ya ghorofa ya sita hapa Kingstanding, pamoja na Kiswahili cha kupigia soga na Kendi wa mlango wa pili. Wakimng'oa hapa hamalizi mwaka. Kendi aliwajua wazee wanavyonyauka wakihamishwa. Amewaosha wangapi wodini, amewafumba macho wangapi.

Ofisi ya jengo ilikuwa imebandika tangazo la mwaka mpya kila ghorofa: acheni hita iwake kidogo mabomba yasigande, na gongeni mlango wa jirani aliye peke yake. Kendi aliposoma aliona ni kama ameandikiwa yeye. Hakuna asubuhi aliyokosa kugonga kwa Harbans. Leo alikuwa amevaa na sare yake ya buluu, makusudi, huyo mgeni aone kwamba mzee ana mtu wa kumwangalia.

Harufu ya kuungua ikamfikia puani.

"Mzee! Umeacha jiko linawaka tena!"

Harbans alikwisha fika jikoni. Alizima moto, akaiweka ile sufuria ya uji chini ya bomba, akafungua dirisha. Baridi ya theluji ikaingia mpaka mifupani.

"Pole, dada. Mimi nimesahau."

"Neno hilo usilitamke! Mbele yake hujawahi kusahau kitu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kendi alimketisha, akamshika kifundo cha mkono kumpima mapigo ya moyo. Kumi na saba, kumi na nane... akapoteza hesabu. Akaanza upya, akapoteza tena. Woga bwana, unaiibia hata mikono kazi iliyoizoea. Harbans aliuacha mkono wake palepale mezani bila kulalamika, na kwa mkono wa pili akamsogezea kikombe cha chai.

"Kunywa kwanza. Umekuja miguu mitupu, na sakafu ni barafu."

"Achana na miguu yangu. Ukiulizwa nani anakuangalia?"

"Kendi."

"Chakula?"

"Kendi anapika."

"Na usiku, huwa unatoka nje?"

Machozi yakamlengalenga mzee. "Hapana," alisema. "Usiku nafunga mlango vizuri."

Kendi alipoyaona yale machozi, moyo wake ukazidi kuvunjika. Kumbe naye anaogopa, masikini. Lifti ilikuwa imekufa tangu Krismasi, na Kendi alikuwa akiomba kimoyomoyo isipone, huyo mgeni azione ngazi za ghorofa sita akate tamaa, arudi alikotoka.

Lakini viatu vilisikika ngazini. Vikapumzika, vikapanda tena. Kisha mlango ukagongwa.

"Hodi wenyewe!"

Kendi alimvuta mzee mkono. "Ingia bafuni," alinong'ona. "Nitamwambia umesafiri, uko kwa ndugu zako Leicester. Haraka, mzee!"

"Dada, hapana."

"Watakuchukua!"

Alisimama mlangoni na kutanua mikono kama golikipa. Harbans alimwondoa pole pole, akimshika bega, akafungua.

Aliingia mwanamke kijana mwenye koti lililolowa, akihema. Alijitambulisha kuwa ni Najmo kutoka manispaa, Msomali aliyekulia Eastleigh, na Kiswahili chake kilikuwa cha hukohuko. Kendi akazidi kutishika. Kiingereza cha Harbans kimenyooka kama rula. Huyu wa Kiswahili ametumwa wa nini, kama si kuwatega?

Alijikaza kisabuni, akamwahi. "Mzee yuko sawa kabisa. Siku anazijua, dawa zake anazijua. Mimi ni nesi, nakaa hapo tu, namwona kila siku. Hamwendi naye popote, nakuambia mapema!"

"Sawa, mama," Najmo alisema kwa upole. Alivua glavu, akampa Harbans mkono. "Asante kwa kutupigia simu, mzee."

Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya Kendi, akaishika mikono yake yote miwili.

"Hebu niambie, mama. Unesi ulistaafu mwaka gani?"