Plagi ya Ruta

Mbaruku alikuwa amekwisha kuifuta programu ya zamani ya ruta, ambayo kampuni iliyohama mji iliifunga isipokee mtandao wa kampuni nyingine, na sasa programu mpya ilikuwa ikiingia. Jioni ile mkewe, Salha, aliyepasuliwa jana katika hospitali ya ng'ambo, angepiga simu ya video. Mnara wa simu ulikuwa umeangushwa na upepo; ruta ndiyo njia pekee ya mtandao iliyobaki.

Radi ikanguruma. Mama mkwe wa Mbaruku, Bi Somoe, akakifunika kioo cha kujitazamia kwa kanga kisivute radi, kisha akaiendea plagi.

"Mama, usichomoe! Umeme ukikatika sasa, ruta inakufa."

"Na nyumba ikiungua?"

"Nakuomba. Dakika chache tu, tumwone Salha."

"Salha nimemzaa mimi. Nyumba kaijenga mume wangu. Wewe umeleta kidude cha kukonyeza macho, sasa wanifunza radi?"

Damu ikamchemka Mbaruku. Miaka yote ya ndoa alimpisha njiani, akainamisha macho, akameza kila neno, kwa kuwa mkwe haguswi wala hakaripiwi. Bi Somoe alilijua hilo. Akapiga magoti, akaishika plagi, akamkazia macho.

"Haya, nizuie."

Mbaruku akaruka, akaudaka mkono wake.

"Iache!" akafoka, hata majirani wa nyuma ya ukuta wakamsikia.

Radi ikamulika dirishani. Hakuna aliyeachia. Ndani ya kiganja cha Mbaruku, vidole vya Bi Somoe vilikuwa vyembamba kama vya Salha.